Ini Lililozikwa Adungosi

Kazi yangu ni kuwauliza watu maswali wasiyoyapenda. Nimeajiriwa na mradi mmoja wa utafiti wa saratani ya ini, na kwa miaka sita sasa nazunguka vijiji vya mpakani, kutoka Malaba hadi nje ya mji wa Busia, nikiwa na begi la mgongoni lenye fomu, sindano na vichupa vya damu. Mahindi yako unayaanika wapi? Yakiota ukungu unayafanyia nini? Katika ukoo wenu kuna aliyekufa tumbo likiwa limejaa maji? Nikimaliza natoa damu kidogo ikapimwe virusi vya homa ya ini. Watu hunivumilia kwa kuwa nimezaliwa huku na najua kuwasalimia kwa Kiteso, lakini sidhani kama wananipenda.

Tena nina mdomo. Mtu akiniambia kwamba mahindi yenye ukungu anawapa kuku, namuuliza mayai ya hao kuku anamlisha nani. Akisema atakuja kupimwa wiki ijayo, namuuliza kama ini lake limemwahidi kumngoja. Wenzangu kazini husema siku moja nitafukuzwa na mbwa. Nayasema haya mapema ili ujue ni mtu wa namna gani aliyekaa karibu mwaka mzima akimwona baba yake anakonda, asiseme neno.

Mganga hajigangi. Nilikuwa nimepima nusu ya Adungosi, na boma la baba liko Adungosi, lakini yeye sikuwahi kumtoa hata tone. Baba alikuwa mchinjaji na muuza nyama Malaba kwa miaka arobaini, mtu mwenye shingo nene na mikono inayonukia sabuni ya kipande, na niliona haya kumwambia akunje shati nimchome sindano. Alipoanza kukaza mshipi hadi tundu la mwisho, nilisema ni uzee. Alipotoboa tundu jipya kwa msumari, nilisema ni upweke, maana mama alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Kisha Jumapili moja baada ya ibada alinishika mkono, akauweka chini ya kifua chake, juu kidogo ya kitovu. Kulikuwa na kitu kigumu.

"Gusa hapa," akaniambia. "Ingekuwa ng'ombe, inspekta wa nyama angeitisha kisu."

Nilitabasamu kwa sababu yeye alikuwa anatabasamu. Nilipofika nyuma ya nyumba nilitafuta namba ya hospitali ya Busia.

Picha ya kwanza tulipigiwa Busia, na ya pili, ile kubwa ya kuingizwa kwenye mtambo, Eldoret. Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi asiyepoteza maneno, na nilimpenda kwa hilo. Alituonyesha picha kwenye kompyuta. Uvimbe ulikuwa upande wa kushoto wa ini, mkubwa kama ngumi ya mtoto, na ini lililobaki lilikuwa bado na nguvu. Upande ule wote unaweza kukatwa ukatolewa, alisema. Lakini akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari mweusi uliopita karibu na uvimbe. Huo ulikuwa mshipa mkubwa wa damu. Uvimbe ukiufikia huo mshipa, hakuna kukata tena. Nilimuuliza tuna muda gani. Akasema tuhesabu wiki, tusihesabu miezi.

Mimi nikaanza kujitia ujuzi. Nilikuwa nimesoma mambo ya kupandikiza ini, jinsi mtu mzima anavyoweza kukatwa kipande cha ini lake akapewa mgonjwa, na pande zote mbili zikakua tena. Nikamwambia daktari achukue langu. Alinieleza kwa upole kwamba upandikizaji ni kwa yule ambaye ini lake lote limeharibika, tena hata huyo huchaguliwa kwa vipimo vingi, na kwa umri wa mzee ungemletea hatari zaidi ya faida. Saratani ya baba ilikuwa ya kukata, na ya kukata sasa. Baba aliuliza jambo moja tu kuhusu hilo. Kumbe ini hukua tena? Daktari akasema ndiyo. Baba akatikisa kichwa, akasema miaka yote ile hakujua, kwa sababu ng'ombe wake hawakukaa kungoja waone.

Tulicheka wote watatu. Halafu baba akauliza swali la pili, na hilo halikuchekesha.

"Sasa hiyo kipande mtatoa, itaenda wapi?"

Swali hilo nililijua vizuri kuliko mtu yeyote mle chumbani. Katika fomu ya mradi wetu lina aya yake nzima, na aya hiyo niliitafsiri mimi mwenyewe: kipande kitakachotolewa kitapimwa na wataalamu, na kwa ridhaa yako sehemu yake itahifadhiwa kwenye friji kwa miaka mingi ili watafiti waendelee kujifunza. Nilikuwa nimewasomea wagonjwa wengi aya hiyo kwa sauti ya mtu anayetangaza ratiba ya mabasi. Walipositasita niliwaona washamba. Siku ile nilimsomea baba, nikaishia katikati ya aya.

Baba alisema hapana. Hakulisema kwa ukali, lakini nilimjua. Kitu chochote kilichotoka ndani yake kingerudi Adungosi kizikwe kando ya mama. Kwanza ni desturi, alisema, mtu hazikwi vipande vipande katika nchi za watu. Pili ni kazi. Na hapo akanikumbusha mambo ya machinjioni Malaba, niliyoyaona nikiwa mdogo nikimpelekea chai.

Mkaguzi wa nyama, inspekta kama baba alivyomwita, alikuwa akiinama na kisu chake kidogo juu ya ini la kila ng'ombe. Alilikata mara mbili tatu, akalikamua kwa kidole gumba aone kama minyoo itatoka kwenye mirija. Likiwa bovu upande mmoja, alikata upande ule na kuacha mzuri. Upande mzuri ulipita ukauzwa, na nyama ikapigwa mhuri wa wino wa zambarau. Ule mbovu ulitupwa kwenye shimo, ukamwagiwa dawa na kufukiwa, ili mbwa asile akaupeleka kwa watu. Baba alisema ndiyo maana haogopi kisu cha daktari. Amekiona kikifanya kazi miaka arobaini. Lakini hajawahi kuona ini lililokataliwa likiachwa juu ya ardhi.

Nikamkumbusha kwamba mkaguzi huyo alikuwa na rafu ofisini kwake, na kwenye rafu kulikuwa na chupa zenye maini mabovu yaliyoloweshwa dawa. Baba akasema zile zilikuwa za ng'ombe.

Tulipewa kitanda siku ya Jumanne. Asubuhi ya Jumatatu, kabla hatujaondoka, nilimkuta baba nyuma ya jiko amepiga magoti akichimba kwa jembe la mpini mfupi. Shimo lilikuwa la duara, la kina cha mkono hadi kwenye kiwiko, hatua mbili kutoka kaburi la mama. Jasho lilikuwa linamtiririka na alipumua kwa shida. Nilimnyang'anya jembe kwa hasira. Nilimuuliza kwa nini asingoje turudi. Alisema akirudi atakuwa na mshono, hataweza kuinama, na kazi hii hataki ifanywe na mtu mwingine.

Mtu wa mbali ataona ni jambo dogo, mzee amechimba shimo. Kwetu shimo likichimbwa kwa ajili ya mtu haliachwi wazi, wala halifukiwi tupu. Hata kaburi likichimbwa kwa makosa, hutafutwa mgomba ukalazwa ndani ndipo udongo urudi. Baba alilijua hilo vizuri kuliko mimi, lakini kichwani mwake alikuwa amepanga siku nne: kwenda, kukatwa, kurudi, kuzika. Alihesabu kama mchinjaji. Ng'ombe anayeingia asubuhi, saa nne nyama iko kwenye ndoano.

Jumanne jioni nilikwenda kuuliza ofisi ya maabara ya hospitali kama kipande kinaweza kurudishwa. Walinijibu vizuri. Inawezekana, baada ya kuchunguzwa, lakini ombi liandikwe na mgonjwa kabla ya upasuaji na lipitishwe na mkuu wa maabara, naye alikuwa safarini hadi wiki iliyofuata. Nikiomba upasuaji usogezwe, nafasi nyingine ilikuwa baada ya wiki tano. Nilisimama pale kwenye korido nikauona tena kichwani ule mstari mweusi wa kwenye picha na ncha ya kalamu juu yake.

Jumatano alfajiri muuguzi alileta fomu ya upasuaji. Baba alishika kalamu, akanitazama.

"Kipande yangu itarudi?"

"Itarudi, baba. Nimeongea nao."

Akatia sahihi. Kuongea nao nilikuwa nimeongea, na katika hilo tu ndimo nilimojificha. Fomu ya mradi wetu niliikunja nikairudisha kwenye begi bila kumwonyesha tena, nikajipa sifa kwamba angalau katika hilo nilikuwa mwaminifu.

Walimwingiza saa mbili asubuhi. Kwenye benchi tulikuwa mimi na shangazi, dada yake mkubwa baba, ambaye alikuwa amekuja na chupa ya chai na hakumgawia mtu. Saa nne haikuwa na habari. Saa sita alitoka muuguzi akikimbia, akarudi amebeba mifuko miwili ya damu, na mimi nikaanza kuhesabu vigae vya sakafuni. Najua takwimu za ini lakini hazikunisaidia kitu. Zilikaa kichwani zikinizomea. Nilimwahidi Mungu kwamba sitamjibu mtu vibaya tena maisha yangu yote. Shangazi alinitazama midomo ikinicheza, akaniambia niache kuahidi nisichoweza. Saa tisa kasorobo daktari yule mfupi akatoka, kofia bado kichwani, akasema ameutoa wote kwa kadiri alivyoona kwa macho, na mshipa hakuugusa. Maabara ndiyo itakayosema kama kingo ni safi. Nililia hadi kamasi, na shangazi akanimiminia chai.

Siku ya kumi na mbili tulirudi Adungosi. Mvua ilikuwa imenyesha. Baba alishuka garini taratibu, mkono juu ya bandeji, na kabla hajaingia nyumbani akazunguka nyuma ya jiko. Shimo lilikuwa limeshika maji ya matope na limebomoka ukingo mmoja, limekuwa pana kidogo kuliko alivyoliacha. Kisha akaniuliza kipande kiko wapi. Nikamwambia bado kinapimwa.

Wiki hiyo haikuwa na amani. Baba aliomba kiti chake kiwekwe kwenye mlango wa nyuma wa jiko, akakaa akilitazama shimo tangu chai ya asubuhi hadi kuku wanapoingia. Chakula alikionja tu. Siku ya tatu akapata homa kidogo. Nilimpigia daktari, akanipa maelekezo ya dawa, na homa ikashuka kesho yake, lakini shangazi alikuwa ameshaipa homa hiyo maana yake. Alinivuta hadi kwenye migomba. Alisema shimo lililofunguliwa kwa jina la mtu linadai, na lisipopewa kidogo litachukua chote. Nikamwambia basi tukate mgomba tulifukie. Aliniangalia kama nimemtukana. Mgomba hulazwa badala ya maiti, akasema, je, nataka kumtangaza baba yangu maiti akiwa anatutazama?

Mimi ni mtu wa sindano na takwimu. Siamini kwamba ardhi ina njaa. Lakini baba alikuwa anaamini, na mtu aliyekatwa ini anahitaji kula, naye hali, na kila siku mbavu zake zilizidi kuonekana. Nilipiga simu maabara ya Eldoret. Walisema uchunguzi utachukua wiki mbili tatu zaidi, na bila lile ombi la maandishi wasingeweza kuniahidi chochote. Ndipo akili yangu ilipofanya ujanja ambao hadi leo nikiukumbuka nasikia joto masikioni.

Nilikwenda Busia, kwa sababu Malaba kila mwenye bucha ananijua kama binti wa mzee, nikanunua robo kilo ya maini ya mbuzi. Nilikata kipande kinachofanana na nilichokiona kwenye picha. Nikakiweka kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko cha buluu, nikakilowesha dawa ya kuhifadhia niliyoichota kazini, na kwa siku tatu nilikiangalia kikigeuka kutoka wekundu hadi kijivu na kuwa kigumu. Juu nilibandika karatasi yenye jina la baba na tarehe, kwa mwandiko wa kidaktari. Nilijiona mjanja. Nilikuwa nampelekea ini mtu aliyeuza maini miaka arobaini.

Tulizika Jumamosi saa nne asubuhi. Walikuwepo shangazi, majirani wawili wazee, na katekista wa kanisa letu aliyekubali kuomba sala fupi baada ya kuhakikishiwa kwamba si maziko kamili. Baba alivaa koti lake la ibada. Aliipokea chupa kwa mikono miwili, akaiinua kwenye mwanga, akaizungusha polepole. Kidole gumba chake kilikuwa kinasugua plastiki, kikipita na kurudi. Nilimwona anatazama upande mmoja wa kipande, halafu mwingine, halafu anarudi kwa ule wa kwanza. Alikitoa, akakilaza shimoni, akaanza kusukuma udongo kwa mguu huku amejishika tumbo. Alipomaliza aliwashukuru watu waliokuja, akasema shangazi alete chai na viazi vitamu.

Alikula viazi viwili. Niliviona vikienda nikashukuru kimoyomoyo.

Wageni walipoondoka na shangazi akaenda kuosha vikombe, aliniita nikae kwenye kigoda karibu naye. Sauti yake ilikuwa ya chini, hata haikuwa na hasira.

"Mama," akasema. Ananiita hivyo kwa kuwa nimebeba jina la mama yake. "Ile ni ini ya mbuzi. Na huyo mbuzi alikuwa mzima, hakuwa na shida yoyote."

Mimi, mwenye jibu la kila mtu, nikaanza kuokota maganda ya viazi. Baba akaendelea kusema kwamba hakutaka kuniaibisha mbele ya katekista na wazee, na kwamba shangazi hatajua. Alitaka kujua jambo moja tu. Kama hicho kipande nilimdanganya, uvimbe je? Ulitoka kweli? Au walimfungua wakaona mambo ni mabaya wakamfunga tena, na mimi nikapika habari njema kama nilivyopika hii?

Nilimwapia. Nililia, nikamweleza yote: ofisi ya maabara, wiki tano, mshipa. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema amesikia. Halafu akasema kile kilichoniuma kuliko matusi ambayo angenitukana, kwamba amechoka na safari, amemaliza kuzika, na Eldoret harudi.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye kigoda kile. Daktari alikuwa amesisitiza kwamba kukata ni nusu tu ya kazi. Uvimbe wa aina hii hupenda kurudi, na ukirudi mdogo kuna la kufanya, ukirudi mkubwa hakuna. Dawa ya virusi vya homa ya ini, vilivyokutwa kwenye damu yake, ilikuwa lazima kila siku. Picha ilikuwa lazima kila baada ya miezi mitatu. Na mimi ndiye niliyekuwa nimemfunza baba asiamini neno langu, hasa lile moja ambalo lilikuwa kweli.

Majibu ya maabara yalitoka. Kingo zilikuwa safi. Nilimpelekea karatasi, akaisoma juu kwa juu, akanirudishia akisema hata ile chupa ilikuwa na karatasi. Siku ya kliniki ilipita akiwa ameketi kivulini mwa jiko. Vidonge nilivikuta vimekaa vilevile kwenye pakiti yake. Nilimkemea, akawasha redio. Nikamwomba, akaizima, akalala. Nilikuwa na hasira hiyo ambayo haina pa kwenda kwa sababu mwenye makosa ni wewe.

Jumatano moja nilipiga simu maabara kuuliza jambo lingine la mradi, na kabla sijakata nikamuuliza mtaalamu kama mabaki ya kipande cha baba bado yapo. Akasema yapo kwenye ndoo ya dawa, lakini zamu yake imefika. Ijumaa asubuhi yatachomwa. Nilimsihi asubiri. Akasema anaweza kuyaweka kando hadi saa sita mchana, si zaidi, na mgonjwa aje mwenyewe na kitambulisho.

Nilifika Adungosi jioni ile ile kwa boda boda. Sikumsalimia vizuri. Nilisimama mbele ya kiti chake nikamwambia kwamba ini lake lipo, lenyewe, Ijumaa linachomwa, na kama haniamini mimi basi akaamini macho yake, kwa sababu hakuna inspekta aliyewahi kupitisha nyama bila kuiona.

"Nitaenda kuona nyama yangu," akasema. "Sitaenda kwa sababu ya picha."

Ijumaa tuliingia maabara saa tano na nusu. Mtaalamu alikuwa kijana mwenye aproni ya plastiki, na mara moja niliona baba ameipenda aproni. Alitupa glavu. Kisha akafungua ndoo, akatoa kipande na kukilaza kwenye sinia ya chuma.

Kilikuwa kikubwa kuliko nilivyokiwazia, kimekatwa slesi kadhaa kama mkate lakini bado kimeshikana. Baba alikiinamia. Macho yake yalibadilika. Yalikuwa yale niliyoyajua utotoni, ya asubuhi machinjioni. Aliomba ruhusa ya kugusa, akapewa. Kidole gumba chake kikaenda moja kwa moja kwenye uvimbe, duara jeupe lenye rangi ya mafuta mabaya, akaukandamiza. Kisha kikatembea taratibu kutoka kwenye uvimbe hadi ukingo, kikipita juu ya ini lililo zuri, la kahawia, karibu upana wa vidole viwili. Alipofika mwisho alikuta rangi nyeusi.

"Hii wino ni ya nini?"

Kijana alimweleza kwamba ukingo uliokatwa hupakwa wino, ili wakiangalia kwa darubini wajue kisu kilipita wapi na kama ugonjwa ulifika pale. Wa mzee haukufika. Baba akaitikia kwa kichwa. Akasema wino wao wa Malaba ulikuwa wa zambarau. Halafu akasema, akimwambia yule kijana, si mimi, kwamba aliyekata hapa anajua kisu.

Kijana akamuuliza kama anataka kuandika ombi arudishiwe. Nilingoja. Baba alikitazama kipande mara ya mwisho, akavua glavu.

"Ile shimo yangu imeshashiba," akasema. "Mkinirudishia hii nitachimba ingine, na mimi sitaki kuchimba tena."

Akanigeukia akaniuliza ile karatasi yangu ya friji iko wapi. Ilikuwa bado kwenye begi, imekunjwa mara nne. Alinitaka nimsomee yote, na nilimsomea polepole, kila neno, kama sikuwahi kumsomea mtu. Alitia sahihi juu ya meza ya maabara. Alisema katika zile chupa za inspekta ndimo alimojifunza kuijua minyoo, na hakuna aliyemuuliza ng'ombe.

Kutoka hapo hakuuliza tunaelekea wapi. Alitembea mbele yangu hadi chumba cha picha, akavua koti lake la ibada akanipa. Kabla hajaingia kwenye mtambo alinishika kifundo cha mkono, pale pale aliponishika Jumapili ile.

"Wakikuambia mbaya, uniambie mbaya. Usinipikie."

Nilikaa nje nimelikumbatia lile koti. Lilikuwa linanukia sabuni ya kipande. Baada ya saa nzima daktari mfupi aliniita peke yangu, nami nikakumbuka neno la baba, nikamwambia hapana, nitasikia baadaye kidogo, amwite mzee naye. Lakini baba alikuwa bado anavaa viatu, na daktari alikuwa na haraka ya kuingia chumba cha upasuaji, basi akanionyesha picha mlangoni. Alisema maneno machache, nikayarudia mbele yake nisije nikaongeza.

Baba alitoka. Nikamwambia: hakuna kitu kwenye picha. Ini limekua kidogo upande wa kulia, na vidonge lazima umeze kila siku, na miezi mitatu ijayo tunarudi, na inaweza kurudi, daktari amesema inaweza.

Alinitazama usoni vile alivyoitazama ile chupa Jumamosi ya maziko, upande mmoja, halafu mwingine, halafu akarudi kwa ule wa kwanza. Nilisimama wima nikaacha anikague. Kisha akanyoosha mkono, akachukua koti lake.